Wiki sita na watu wawili: ukate wapi katika mapitio ya haraka ya uchumi wa afya?

Swali: Shikamoo Daktari, na kamwene. Mimi ni katibu wa afya katika halmashauri moja ya mkoa wa Iringa, upande wa Mufindi. Mganga Mkuu wetu anataka kujua kama tuendelee na kipimo cha siki cha saratani ya mlango wa kizazi (muuguzi anapaka siki na kuangalia kwa macho), au tuhamie kipimo cha DNA ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, ambacho mama anajichukulia sampuli mwenyewe. Amenipa wiki sita nipitie tafiti za gharama na thamani ya fedha kabla bajeti haijafungwa. Tuko wawili, mimi na muuguzi wa CTC, kliniki ya watu wanaoishi na VVU. Nimesoma miongozo mpaka kichwa kinauma: huu unasema kila ikisari (muhtasari wa makala) isomwe na watu wawili, ule unasema mmoja anatosha, huu unataka kanzidata (hazina za makala mtandaoni) tano, ule mbili. Nishike njia ipi? Na nikimaliza, naweza kuiita mapitio ya kimfumo, yale kamili yanayotafuta kila utafiti uliopo?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Mganga Mkuu wako ameuliza swali zuri, ila ameyabana maswali matatu ndani ya moja, na nusu ya kuchanganyikiwa kwako inatoka hapo. Nusu nyingine inatoka kwenye miongozo yenyewe. Mwongozo wa kundi la Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa mapitio, linaloshughulikia mapitio ya haraka, ule wa 2020 uliofanyiwa marekebisho 2024, umeandikwa hasa kwa mtu anayeuliza kama tiba fulani inaponya. Kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha 2017 kinawalenga watunga sera na mifumo ya afya kwa ujumla. Vyote nimevitumia na nitaendelea kuvitumia. Lakini uchumi wa afya una ukorofi wake: matokeo yake hayasafiri. Kipimo kinachonasa kirusi Kampala kitakinasa na Mafinga. Mshahara wa muuguzi, bei ya katriji (kikopo cha kipimo kinachoingizwa kwenye mashine), nauli ya bodaboda na idadi ya akina mama wanaorudi kuchukua majibu havivuki mpaka kirahisi hivyo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: punguza kwenye kutafuta, punguza kwenye kuchuja, lakini usipunguze hata kidogo kwenye kunukuu yaliyomo ndani ya makala. Wengi wa wanaoharakisha hufanya kinyume. Wanatafuta kwenye kanzidata sita, wanasoma ikisari elfu tatu, halafu siku za mwisho wanakimbilia safu ya matokeo na kunakili namba moja kwa kila utafiti. Mganga Mkuu anapewa jedwali la dola ambalo hawezi kulifanyia kazi.

Kuhusu muda usijilaumu. Uchambuzi mmoja wa 2017 uliangalia mapitio ya kimfumo yaliyosajiliwa na kukuta kwamba kwa wastani yalichukua wiki 67 tangu kusajiliwa hadi kuchapishwa. Ukizingojea, bajeti mbili zitakuwa zimepita. Wiki sita zinatosha kazi nzuri ya aina nyingine, mradi useme wazi ni ya aina gani.

Turudi kwenye yale maswali matatu. La kwanza: kumpima mama mmoja kunagharimu kiasi gani kwa kila njia? La pili: kila shilingi ya ziada inayokwenda kwenye HPV inanunua afya kiasi gani ukilinganisha na siki? La tatu: halmashauri ina uwezo wa kulipa mwaka huu wa fedha? Fasihi inajibu vizuri la pili. La kwanza inalijibu nusunusu. La tatu haiwezi kulijibu kabisa, kwa sababu mtafiti aliyekaa Johannesburg hajui mna wanawake wangapi wa miaka 30 hadi 49 wala mna mashine ngapi. Hilo ni la Excel, idadi ya watu wenu na bei za Bohari ya Dawa. Kabla hujafungua kompyuta, nenda kwa Mganga Mkuu na karatasi ya ukurasa mmoja: swali la pili ndilo la mapitio, la kwanza litakuwa jedwali la nyongeza, la tatu mtalikokotoa wenyewe. Aisaini. Hiyo ndiyo itifaki yako, na itakuokoa wiki ya nne mtu atakapokuja na "hebu ongeza na chanjo humo humo".

Kwenye karatasi hiyo andika pia jambo ambalo miongozo ya tiba hailikazii: gharama zinahesabiwa kwa mtazamo wa nani. Tafiti nyingi huhesabu gharama za mtoa huduma peke yake. Kwenu hilo si dogo. Mwanamke anayechuma chai hulipwa kwa kilo. Siku aliyokuja kliniki hakuchuma, na kama kipimo kinamtaka arudi mara ya pili, amepoteza siku mbili na nauli mara mbili. Siki ina sifa moja hapa: anapimwa, anaonekana, na akikidhi vigezo anatibiwa siku hiyo hiyo. HPV ya kujichukulia sampuli inaweza kumwondolea safari ya kwanza kabisa kama mhudumu wa afya ngazi ya jamii atampelekea kifaa kijijini, lakini akiwa na kirusi lazima aje. Utafiti uliohesabu pesa za hospitali tu hautaliona hilo upande wowote.

Kutafuta. Anza na mapitio ya kimfumo yaliyokwisha fanyika. Ukipata moja zuri la miaka ya karibuni, kazi yako inageuka kuwa ya kulihuisha: unachukua tafiti walizozikusanya, unatafuta zilizotoka baada ya tarehe yao ya mwisho ya utafutaji. Hapo umeokoa wiki mbili. Likague kwanza kwa AMSTAR 2, orodha ya maswali ya kupima ubora wa mapitio, usilimeze tu.

Kanzidata mbili zinatosha: PubMed, ile ya makala za tiba na afya, na sajili ya Chuo Kikuu cha Tufts inayokusanya tafiti za gharama kwa kila DALY (mwaka mmoja wa maisha yenye afya unaopotea) duniani, ambayo ni ya bure na imetengenezwa kwa swali kama lako. Ongeza kupekua orodha za marejeo za kila makala uliyoikubali, na kuangalia nani ameinukuu tangu itoke. Utaona miongozo ya zamani inakutuma kwenye NHS EED, kanzidata ya tafiti za uchumi wa afya ya Uingereza. Ile ilisimama, utafutaji wake uliishia mwisho wa 2014, kwa hiyo usishangae ikikupa ukimya kuhusu mambo mapya. Makala zinazodai malipo zipatie kupitia Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kuzifungulia nchi maskini majarida, kwa chuo au hospitali iliyosajiliwa; Tanzania iko kwenye kundi la nchi zinazopewa bure.

Kwenye PubMed tumia chujio la uchumi (orodha ya maneno ya kutafutia) lililokwisha jaribiwa, usijitungie lako. Maneno ya gharama yanajitokeza kila mahali kwenye tafiti za afya, na chujio la kujitungia litakuletea mlima wa makala zinazosema tu kwamba kipimo ni "nafuu" bila kuhesabu chochote.

Mipaka ya miaka iwe na sababu iliyo ndani ya jambo lenyewe, isiwe "miaka kumi iliyopita" kwa sababu kumi ni namba ya mviringo. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake 2021 na kuweka kipimo cha DNA ya HPV mbele. Kipimo cha HPV cha GeneXpert, mashine ya maabara inayosoma DNA ya vijidudu, kilipata ithibati ya shirika hilo 2017. Kuanzia 2014 hivi, miaka michache kabla ya ithibati hiyo, hadi leo ni mpaka unaoweza kuutetea mbele ya mtu yeyote. Utauacha nje utafiti maarufu wa 2005 wa nchi tano, Kenya na Afrika Kusini zikiwemo, ulioonyesha kwamba kumpima mwanamke hata mara moja tu maishani, akiwa na miaka 35, kungepunguza hatari yake ya saratani hii kwa asilimia 25 hadi 36 au karibu na hapo. Utaje kwenye utangulizi. Bei zake hazikufai tena.

Kijiografia usijifungie Tanzania, utabaki na makala za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Chukua Afrika kusini mwa Sahara kwa ajili ya gharama. Kwa uwezo wa kipimo kugundua, chukua popote, na hapo usitafute upya: mapitio yaliyopo yanatosha.

Kuchuja. Hapa ndipo kichwa kilipokuuma zaidi, na jibu ni jepesi kuliko unavyodhani. Jaribio lililochapishwa 2020 lilionyesha kwamba ikisari zikisomwa na mtu mmoja, asilimia 13 ya tafiti zinazostahili zilipotea. Zikisomwa na wawili, asilimia 3. Tofauti ipo, hakuna anayebisha. Swali ni je, asilimia hizo kumi zingebadilisha uamuzi? Kwenye dawa mpya ambayo jaribio moja linaweza kugeuza hukumu, ndiyo. Kwenu, ambako modeli nyingi (mahesabu yanayoiga mwenendo wa ugonjwa) zinarudia namba za kuazimana na utafutaji wa marejeo utaokota baadhi ya zilizoponyoka, mara nyingi hapana.

Fanyeni hivi: ikisari 30 hadi 50 za kwanza msome wote wawili, kila mmoja peke yake, kisha mkae mlinganishe. Mtagombana kuhusu mbili tatu; andikeni mmekubaliana nini. Baada ya hapo mwongozo wa Cochrane unataka angalau asilimia 20 zisomwe na wawili, zilizobaki mmoja asome na mwingine akague zilizokataliwa. Kuna programu kama Rayyan ya kugawana kazi hiyo. Muuguzi wako asome zile zinazohusu mtiririko wa huduma. Jicho lake linaona kitu ambacho wewe na mimi hatukioni, kwa mfano makala inayodai mama alipimwa, akapewa majibu na kutibiwa ndani ya dakika kumi.

Kunukuu. Hapa kaeni wiki mbili nzima. Sitanii.

Usinukuu "gharama kwa mteja: dola 6" ukaendelea. Fungua jedwali la viambato, mara nyingi liko kwenye nyongeza ya makala, na uchukue vitu viwili kwa kila kiambato: kiasi na bei. Dakika ngapi za muuguzi, katriji ngapi, saa ngapi za mashine, halafu kila kimoja kiliuzwaje. Kiasi kinasafiri vizuri kuliko bei. Tuseme utafiti unasema muuguzi alitumia dakika 20 kwa kila mama. Hiyo unaweza kuileta nyumbani: kama muuguzi wa ngazi yenu ya TGHS (ngazi za mishahara ya watumishi wa afya serikalini) anamgharimu mwajiri shilingi 900,000 kwa mwezi (namba ya mfano hii, weka ya kwenu) na anafanya kazi saa 160, saa moja ni shilingi 5,625, na dakika 20 ni shilingi 1,875. Ile "dola 2 za mshahara" iliyoandikwa kwenye makala huwezi kuifanya kitu. Ni mshahara wa nchi nyingine, wa mwaka mwingine.

Pale ambapo kiasi hakikutolewa na lazima uhamishe bei, tenganisha vitu vinavyonunuliwa soko la dunia na visivyonunuliwa huko. Katriji na vifaa vya kutibia hununuliwa kwa dola. Ziweke kwenye dola na tafuta bei ya leo. Mishahara, umeme na usafiri virudishe kwanza kwenye fedha ya nchi ya utafiti kwa kiwango cha ubadilishaji cha mwaka ule, vipandishe kwa mfumuko wa bei wa nchi ile, ndipo uvilete kwenye fedha ya leo. Wengi hufanya njia ya mkato, wanachukua dola za 2012 na kuzipandisha kwa mfumuko wa bei wa Marekani. Muuguzi wa Uganda hajawahi kulipwa kwa mfumuko wa bei wa Marekani.

Mashine ndiyo kitendawili kingine. GeneXpert nyingi zilikuja kwa ajili ya kifua kikuu, na mashine hiyo hiyo inapima HPV kwa kama saa moja. Utafiti mmoja utabebesha upimaji wa HPV gharama nzima ya mashine, mwingine utabebesha sehemu tu, mwingine utajifanya mashine ni ya bure kwa kuwa ipo tayari. Bila safu ya kuandika nani alifanya nini, utaona tofauti kubwa ya gharama kati ya tafiti na kudhani nchi zinatofautiana. Kwa sisi wa huku nyanda za juu, ulizia na jambo la pili: mashine inayodaiwa kuwa na nafasi, nafasi hiyo ipo kweli, au foleni ya makohozi na ya kupima wingi wa VVU kwenye damu imeshaijaza?

Safu nyingine nisizokubali zikosekane ni nne. Ya kwanza ni kiwango cha VVU katika modeli. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliiweka Iringa kwenye asilimia 11.1 ya watu wazima, Njombe 12.7 na Mbeya 9.6, huku taifa likiwa 4.4. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya saratani hii mara sita hivi ya asiye nayo. Modeli iliyojengwa kwa nchi yenye asilimia mbili inakadiria kwa upungufu faida ya kupima Mufindi.

Ya pili ni nini kinafuata mama akikutwa na kirusi. Mwongozo wa 2021 unataka wanawake wenye VVU waanze wakiwa na miaka 25, wapimwe kila miaka 3 hadi 5, na wanaokutwa na HPV wapite kipimo cha pili kabla ya tiba. Kipimo hicho cha pili, katika vituo kama vyenu, mara nyingi kitakuwa siki. Kwa hiyo kuhamia HPV hakuiondoi siki kliniki; kunaipunguzia wateja na kuipa kazi nyingine. Utafiti unaoweka "siki au HPV" kama njia panda unajibu swali ambalo si lenu kwa wanawake wa CTC.

Ya tatu ni asilimia ya wanaorudi. Iangalie kwa jicho kali: ilipimwa, au ilikadiriwa? Na kama ilipimwa, ni ndani ya mradi uliokuwa unawalipia nauli? Ya nne ni kiwango cha kupunguza thamani ya faida za baadaye. Saratani unayoizuia leo ingekuja baada ya miongo. Kwa asilimia 3 kwa mwaka, faida ya 100 baada ya miaka 25 inahesabiwa kama 48. Kwa asilimia 5, ni 30 tu. Tafiti mbili zinaweza kupishana kwa sababu hiyo peke yake.

Ubora. Kuna kosa nimeliona kwenye ripoti nyingi: watu wanatumia CHEERS, orodha ya kuripoti tafiti za uchumi wa afya, ile ya 2022 yenye vipengele 28, kutoa alama za ubora. CHEERS inakuambia kama mwandishi ameripoti kila kinachotakiwa. Mtu anaweza kuripoti vizuri kabisa modeli mbovu. Tumia maswali kumi ya Drummond ya kupima ubora wa tafiti za uchumi wa afya, na kwa modeli ongeza machache kutoka orodha ya Philips, iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli: muundo wa ugonjwa, vyanzo vya makadirio, na kama walitikisa makadirio hayo kuona hukumu inageuka wapi. Usijumlishe alama. Andika sentensi mbili kwa kila utafiti kuhusu udhaifu wake mkubwa na unaelekeza matokeo upande gani.

Kuunganisha. Usitafute wastani wa gharama kwa DALY. Hizo namba ni uwiano kati ya tofauti mbili, kila moja dhidi ya kilinganishi chake, yaani huduma iliyolinganishwa nayo. Wastani wake hauna maana. Panga jedwali kwa kilinganishi: HPV dhidi ya siki, HPV dhidi ya kutopima kabisa, na kadhalika. Ndani ya kila kundi sema HPV iligharimu zaidi au pungufu, ilileta afya zaidi au pungufu, na ni kadirio gani lililogeuza hukumu. Mara nyingi utakuta makadirio mawili au matatu yanajirudia. Hayo ndiyo ya kuyaweka kwenye Excel yenu na namba za Mufindi.

Mtu akikwambia tafiti "zote" zinasema HPV inafaa, muulize kwa kizingiti gani, yaani gharama ya juu kiasi gani kwa kila DALY bado inaitwa thamani ya fedha. Nyingi zimetumia pato la taifa kwa kila mtu, mara moja hadi mara tatu. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wenyewe walishaonya 2016 kwamba kipimo hicho kisitumiwe peke yake. Mwaka huo huo, makadirio yaliyotazama huduma zipi zinaachwa pesa zikihamishwa yaliiweka Malawi, jirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa, kati ya dola 3 na 116 kwa kila mwaka wa maisha yenye afya, yaani karibu nusu ya pato lake kwa kila mtu hata kwa kadirio la juu kabisa. Kwa hiyo toa namba ilivyo, uionyeshe dhidi ya vizingiti viwili, cha juu na cha chini, na umwachie Mganga Mkuu neno "inafaa".

Kuhusu jina: hapana, usiiite mapitio ya kimfumo. Iite mapitio ya haraka, na ukurasa wa kwanza uandike ulipopunguza: kanzidata mbili, lugha zipi (ukiweza ongeza Kifaransa, kuna kazi za Kameruni na Kongo), ikisari ngapi zilisomwa na mmoja, na kwa kila punguzo unadhani limekukosesha nini. Weka mchoro wa PRISMA wa makala zilizoingia na zilizotoka. Rasimu ya jedwali la kunukuu mpelekee Mganga Mkuu mwisho wa wiki ya nne, kabla hujaandika sentensi hata moja ya hitimisho, na aipitie pamoja na mfamasia na mtu wa maabara. Bei ya katriji iliyo kwenye makala na ile watakayokutajia wao zikipishana, mtakuwa bado na wiki mbili za kujua kwa nini.